Shoti zangu zinaongezeka na mkataba unaisha. Nisaini barua ya wenzangu?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni msichana wa miaka 28, naishi Mbagala kwa mama yangu pamoja na mwanangu wa miaka minne. Ni keshia kwenye supamaketi moja upande wa Masaki, jina naomba nisilitaje. Nina mwaka na ushee pale, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Huu wa sasa ni wa tano na unaisha tarehe 30 mwezi huu.

Zamu yangu ni saa 1 asubuhi hadi saa 10 jioni, siku sita kwa wiki, na chakula nusu saa. Hiyo ndiyo ya kwenye karatasi. Tangu Januari waliondoka makeshia wawili na hawajaletwa wengine, kwa hiyo mara tatu kwa wiki naunganisha zamu, naingia saa 1 asubuhi natoka saa 4 usiku. Nikishafunga mashine na kupekuliwa begi getini, nadandia daladala ya kwanza, nashuka Kariakoo, natafuta ya Mbagala. Nafika nyumbani kwenye saa 6 usiku. Saa 10 alfajiri niko macho tena. Kuna asubuhi nimepitilizwa kituo kwa usingizi nimesimama, nimeshika bomba.

Kazini tunasimama muda wote. Kulikuwa na stuli moja nyuma ya kaunta ya tatu, meneja akaiondoa, akasema mteja akimkuta keshia amekaa anaona duka limelala. Wateja wakipungua naegemea droo ya hela, uzito nauhamishia mguu wa kulia, baadaye wa kushoto. Chooni huendi mpaka umwite supavaiza aje akushikie mashine, na supavaiza ni mmoja kwa kaunta sita. Nimejifunza kutokunywa maji tangu asubuhi. Jioni viatu vinakuwa vidogo.

Mshahara ni 230,000. Ukitoa NSSF na nauli ya 2,600 kila siku, unajua mwenyewe kinachobaki. Zamu ya kuunganisha naongezewa posho ya 5,000.

Sasa kinachoniumiza ni shoti, yaani hela kupungua kwenye hesabu ya mashine. Mwaka jana nilikuwa nafunga hesabu kamili mpaka wenzangu wakaniita Benki Kuu. Mwaka huu nimeharibika. Mwezi wa pili nilipata shoti ya 7,000. Jumatatu ya Pasaka 15,500, ilikuwa usiku, foleni imefika kwenye mafriji, na najua mteja mmoja alinipa noti ya elfu tano nikamrudishia chenji ya elfu kumi. Mwezi uliopita 18,500, na hiyo mpaka leo sijui ilikwendaje, nilikuwa nafunga hesabu huku macho yanajifumba yenyewe. Zote nimekatwa. Hakuna karatasi, meneja anaandika kwenye daftari lake, nawe unakutana nayo siku ya mshahara. Kuna na hasara ya rafu, vitu vikipungua wakati wa kuhesabu stoo tunagawana wote. Mwezi uliopita kila mtu 6,000.

Wenzangu wameandika barua kwa mwenye duka. Wanaomba mambo matatu: stuli kila kaunta, ratiba itoke wiki moja kabla, na shoti ihesabiwe mbele ya mhusika. Wanane wameshasaini. Wananisubiri mimi kwa sababu ndiye wa zamani kuliko wote na mwenye duka ananijua kwa jina. Meneja kasikia harufu. Aliniita ofisini akafunga mlango, akasema, "Mkataba ujao nataka nikupe usupavaiza, nyongeza ya elfu sitini. Usijiingize kwenye mambo ya watoto."

Mama anasema kazi ni kazi, nihesabu wasichana wangapi hapa Mbagala wana vyeti na wanauza maji barabarani. Mama mdogo naye ananiambia niache, tuuze naye vitumbua stendi. Anasema siku nzuri anabakiwa na 8,000.

Juzi jirani alimtania mwanangu, "Mama yako yuko wapi?" Akamwonyesha mama yangu. "Na huyu je?" Akasema, "Huyu ni dada anayekuja usiku." Wakacheka. Nami nikacheka, nikaenda kuoga.

Mama Mshauri, nisaini? Ninyamaze nipande cheo? Au niondoke zangu? Moyoni naona mimi mwenyewe nimekuwa mzembe, na mtu mzembe atasainije barua ya kudai haki?

Keshia wa Mbagala

MAJIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma maswali yako matatu ya mwisho. Mara ya pili nikachukua kalamu nikawa naandika saa pembeni, na nikajikuta nabishana na hilo neno ulilojipa: mzembe.

Tuanze hapo, maana naona ndilo linalokufunga mkono kuliko vitisho vya meneja. Umenitajia shoti tatu. Ya Pasaka unasema ilikuwa usiku, foleni imefika kwenye mafriji. Ya mwezi uliopita ilikuwa wakati wa kufunga, macho yanajifumba. Kama siku zote mbili ulikuwa umeunganisha, basi kosa la chenji ulilifanya ukiwa na saa kumi na tatu au kumi na nne umesimama kwenye mashine, na huenda usiku wa kabla yake ulilala kwa saa nne tu. Mwaka jana, ulipokuwa ukitoka saa 10 jioni, wewe ni yule yule, vidole ni vile vile, na walikuita Benki Kuu. Sasa niambie mwenyewe, kilichobadilika ni tabia yako au ni ratiba? Sisemi hukukosea kwenye ile noti ya elfu tano. Ulikosea. Nauliza tu kwa nini gharama yote ya uchovu ule imekuangukia wewe peke yako.

Mimi si mwanasheria, ila safu hii imenilazimisha kuisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 mpaka kurasa zimelegea. Inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki na zisizidi tisa kwa siku. Muda wa ziada unaruhusiwa kwa makubaliano, lakini siku nzima pamoja na huo muda wa ziada isivuke saa 12, na ndani ya wiki nne ziada isizidi saa 50. Ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo unastahili mapumziko ya saa nzima. Kati ya kutoka kazini na kuingia tena zipite saa 12.

Weka siku yako juu ya mizani hiyo. Saa 1 asubuhi mpaka saa 4 usiku ni saa 15. Ondoa nusu saa ya chakula. Kutoka saa 4 usiku mpaka saa 1 asubuhi ni saa tisa, na karibu nne kati ya hizo unazimalizia kwenye daladala na vituoni. Kwa hiyo usiku huo hata ungekuwa malaika ungepata shoti.

Sasa tuje kwenye hela, kwa sababu hapa nilisimama kidogo nikarudia hesabu. Muda wa ziada unalipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Mshahara wa 230,000 unagawanywa kwa 4.333 kupata wiki, kisha kwa saa 45, unapata kama shilingi 1,180 kwa saa. Mara moja na nusu ni kama 1,770. Kuunganisha kunakuongezea saa sita, yaani shilingi 10,600 na kidogo. Wewe unapewa 5,000. Tofauti ni kama 5,600 kwa kila zamu, mara tatu kwa wiki, wiki nne: inazidi shilingi 67,000. Na hapo nimehesabu kwa upole, maana hata zamu zako za kawaida, nane na nusu kwa siku sita, zimeshavuka 45.

Ile elfu sitini aliyokuahidi meneja ukiwa supavaiza, mwanangu, ni pungufu ya unachopaswa kulipwa sasa hivi ukiwa keshia. Sikuambii uikatae. Nataka tu uijue kabla hujaishukuru.

Na Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu ya taifa. Anayefanya kazi siku hiyo hulipwa mara mbili. Siku ile ulilipwa mara mbili, au kilichoonekana ni makato ya 15,500 tu?

Kuhusu makato yenyewe. Mwajiri hakatazwi kabisa kukata hasara, wasikudanganye wanaosema hivyo. Ila lazima hasara iwe imetokea kwa kosa lako, akupe kwa maandishi sababu na kiasi na alivyokipata, akupe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kiasi walichokukata hakijafika robo, kwa hiyo ubishi wako hauko kwenye kiasi. Uko kwenye lile daftari usilolisoma. Na hii ya kugawana hasara ya rafu elfu sita sita, kosa lako wewe la mafuta yaliyopotea rafu ya nyuma ni lipi, na wewe uko kaunta?

Unieleze pia huyu meneja ni mtu wa namna gani. Umemchora kama mtu mbaya, na stuli kweli aliiondoa. Lakini yeye ndiye aliyepungukiwa makeshia wawili tangu Januari, na huenda aliomba wengine akaambiwa abane hapo hapo. Huenda mwenye duka haijui hiyo ratiba. Nasema huenda. Inabadilisha jinsi barua inavyoandikwa: barua ya kumshtaki meneja ni moja, ya kumweleza mwenye duka kwamba anahitaji makeshia wawili ni nyingine, na ya pili meneja mwenyewe anaweza asiipige vita sana.

Hiyo barua uliisoma? Isome kabla ya kufikiria kalamu. Inaomba stuli, ratiba na kuhesabu shoti mbele ya mhusika, yote mazuri, lakini neno moja halimo: saa. Mkipewa stuli mkaachiwa saa 15, mtachoka mmekaa.

(Kuhusu stuli nina neno langu. Uingereza ilitunga sheria ya viti kwa wauzaji wa kike madukani mwaka 1899, kiti kimoja kwa kila watatu. Kerala, India, wauzaji wa maduka ya nguo na vito walipiga kelele miaka mpaka serikali ya jimbo ikaiweka haki ya kukaa kwenye sheria ya maduka mwaka 2018. Mimi mwenyewe ujanani niliuza kwenye duka la RTC, kampuni ya biashara ya serikali ya mkoa, miaka ile rafu ni tupu, sukari ikija ni kwa kibali. Tulikaa mno, mwanangu. Tulikaa mpaka viti vikachoka. Hakuna mteja aliyeondoka kwa sababu tumekaa, aliondoka kwa sababu hakuna sabuni.)

Haya, ukisaini. Sheria inakupa haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, na kushiriki kwako kwenye chama si sababu halali ya kukufukuza. Lakini mkataba wako unaisha tarehe 30, na mtu anaweza asikufukuze, akanyamaza tu mpaka tarehe ipite. Hilo ndilo la kuogopa na sitakuambia usiogope. Sheria imeliona pia: kutokuongeza mkataba, pale mfanyakazi alipokuwa na matarajio ya haki kwamba utaongezwa, huhesabika kama kuachishwa. Mikataba mitano mfululizo pamoja na ahadi ya usupavaiza ni kitu cha kueleza mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Shauri la kuachishwa hupelekwa ndani ya siku 30. Madai mengine, kama haya ya muda wa ziada, ndani ya siku 60, kwa hiyo ya zamani yanazidi kukuponyoka kila wiki. Ila kushinda shauri ni jambo moja, na kula mwezi wa saba ni lingine. Una akiba ya nauli na chakula cha mtoto kwa muda gani? Miezi miwili? Wiki mbili? Jibu hilo lina uzito kuliko vifungu vyangu vyote.

Kuna njia zilizo kati ya kusaini na kutosaini. Majina yanaweza kuandikwa kwa mduara, asijulikane aliyeanza. Barua inaweza kupelekwa na chama. Kwa wafanyakazi wa biashara kipo TUICO, na nyinyi mnaweza kuwa wanachama na kuchagua wawakilishi wenu hapo hapo dukani. Afisa kazi naye anaweza kuja kukagua bila nyinyi kutajwa kwa majina. Kila njia ina polepole yake. Na kama utasaini, jiulize kwa nini wanakutaka wewe: ni kwa sababu mwenye duka anakujua, au ni ili wapate mtu wa kusimama mbele? Hilo unaweza kuwauliza waziwazi, ni wenzako.

Ukinyamaza ukapanda cheo, simwoni msaliti hapo. Una mtoto. Lakini jua unachokwenda kukikalia. Supavaiza ni mmoja kwa kaunta sita, na ndiye anayeitwa kila mtu akibanwa na haja. Lile daftari la shoti litakuwa kwa nani? Kama litakuwa mkononi mwako, unaweza kuwa wa kwanza kulifungua mbele ya mhusika, na hilo ni jambo kubwa. Unaweza pia kujikuta unamwandikia shoti msichana aliyelala kwa saa nne tu. Ahadi yenyewe imetolewa mlango umefungwa, kwa mdomo. Ungeweza kumwomba kwa heshima aiandike: cheo, mshahara, saa za kazi, kuanzia lini. Namna atakavyojibu itakueleza mengi.

Kuhusu vitumbua, mama mdogo kasema ukweli wa siku nzuri. Muulize ya siku ya mvua. Mchele unalowekwa usiku, unasagwa, hamira, iliki, nazi, kisha saa 9 au 10 alfajiri umeinamia moto. Mafuta na mkaa vikipanda bei, kitumbua hakipandi, kinapungua ukubwa na wateja wanaona. Ile 8,000 ni ya mtu mmoja. Mkiwa wawili lazima muuze zaidi au mgawane. Na hakuna NSSF. Upande wa pili wa shilingi, saa 5 asubuhi umeshamaliza na uko nyumbani kabla mtoto hajala mchana. Kwa nini usiijaribu siku yako ya ofu, ukasimama naye asubuhi moja, ukahesabu mwenyewe kilichobaki baada ya kutoa mafuta? Najua ofu ni ya kulala. Nalisema hili nikijua.

Lolote utakalochagua, kuna vitu vya kufanya kimyakimya tangu leo. Nunua daftari lako dogo. Andika saa uliyoingia, saa uliyotoka, chakula dakika ngapi, na shoti ikitokea andika saa na jinsi ilivyokuwa. Piga picha ratiba ya ukutani. Mikataba yote mitano iweke nyumbani, si kwenye kabati la kazini. Pita NSSF uulize kama makato yako yanafika pamoja na sehemu ya mwajiri. Na miguu hiyo, ukifika nyumbani iinue juu ya mto hata dakika kumi, na maji kunywa. Figo haijui kama supavaiza ni mmoja.

Mtoto amesema alichokiona. Anakuja mtu usiku, ni msichana, huenda nyumba nzima inamwita kwa jina lake na wadogo wanamwita dada. Mwambie mama yako awe anasema "mama yako amekuachia hiki" kila anapompa chai asubuhi. Mengine atajifunza.

Umenitajia shoti tatu na mbili nimezijua zilikuwa usiku. Ya mwezi wa pili, ile 7,000, hukusema. Kaa chini ukumbuke, mwulize na uliyekuwa naye zamu, kisha niandikie kabla ya tarehe 30: siku hiyo ulikuwa umeunganisha, na ilikuwa saa ngapi?